SOMO: Kupiga picha, kuhoji na kuhariri habari ya TV ukiwa peke yako

Wakuu, salaam. Kwenye vituo vingi vya TV vya mikoani, ile timu ya ripota, mpiga picha na dereva imebaki kuwa simulizi ya waliotutangulia. Siku hizi unakabidhiwa begi, unapanda bodaboda, na saa kumi jioni mhariri wa zamu anataka stori iliyokamilika. Utaratibu wenyewe si mgeni duniani. Kituo cha NY1 cha New York kilipoanza mwaka 1992, waripota wake walibeba kamera wenyewe. Ila kwetu wengi tunaingizwa humu bila mtu wa kutushika mkono, na ndiyo maana naandika somo hili. Nimefanya kazi hii Mwanza kwa miaka kadhaa, na hapa naweka utaratibu ninaoufuata kila siku.

Utaratibu wote unatokana na jambo moja: ukiwa peke yako huwezi kufanya yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo rekodi kwanza kile kisichorudi. Mtumbwi ukishapakuliwa umeshapakuliwa, lakini afisa uvuvi atakuwepo ofisini hadi mchana. Anayeanza humkimbilia afisa kwanza kwa sababu anamwogopa, halafu akifika mwaloni, yaani ufukweni boti zinapotia nanga na kupakua samaki, anakuta wavuvi wamelala.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: stori ya dagaa wanaoharibika kwa mvua katika mwalo wa Igombe.

Hatua ya 1: Iandike stori kwa sentensi moja kabla hujatoka

Yangu ilikuwa hivi: "Mama anayeanika dagaa mchangani anapoteza mtaji kila mvua inapomkuta dagaa hawajakauka." Sentensi hiyo inakwambia nani umtafute, nini upige picha na nini uache. Ukitoka na kichwa cha habari kama "Hali ya uvuvi Ziwa Victoria" utarudi na saa mbili za picha na huna stori.

Halafu piga simu jana yake. Zungumza na viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) wa mwalo husika, waeleze unachotaka, uliza boti zinarudi saa ngapi. Na angalia mwezi! Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu ya kuwavuta, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Nimeona ripota ametumwa alfajiri yote kutoka mjini, akakuta mitumbwi imegeuzwa kifudifudi ufukweni. Swali moja la simu lingemwokolea siku.

Hatua ya 2: Begi

Kamera, betri tatu zilizochajiwa, memori kadi mbili, stendi, maiki ya mkononi, maiki ya kubana kwenye nguo, hedifoni, kitambaa laini cha kufutia lenzi, mfuko wa plastiki wa kukingia mvua, pawabenki na maji ya kunywa. Lipange usiku. Asubuhi utasahau kitu.

Hatua ya 3: Seti kamera kwa umeme wa kwetu

Hili watu wengi hawaambiwi. Umeme wetu una mzunguko wa 50 kwa sekunde, na televisheni zetu zimefuata mfumo wa fremu 25 kwa sekunde. Kwa hiyo weka fremu 25, na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Kamera nyingi na karibu simu zote huja zimewekwa fremu 30. Ukiziacha hivyo, ukaingia ofisi yenye taa za tyubu, utaona mwanga unapepesa kwenye picha, na hakuna namna rahisi ya kuuondoa wakati wa kuhariri.

Jambo la pili ni uso. Ziwa asubuhi linang'aa kama bati jipya. Ukimsimamisha mtu likiwa nyuma yake na kamera ikajiamulia mwanga yenyewe, itatazama maji na kumfanya mtu wako kivuli cheusi. Mgeuze, au weka mwanga kwa mkono ukiupimia usoni pake, anga liache liungue, yaani liwe jeupe tupu. Hakuna mtazamaji atakayelalamikia anga, ila mtu aliyekubali kuhojiwa ana haki ya kuonekana sura.

Hatua ya 4: Tukio kwanza

Boti zimefika. Usihoji mtu. Salimia, jitambulishe, kisha anza kazi. Kila shoti ishike sekunde 10 bila kusogeza kamera wala kuvuta picha. Hesabu moyoni. Sekunde 3 zinaonekana nyingi ukiwa pale, lakini kwenye kuhariri hazitoshi kitu.

Kwa kila kitendo kimoja piga shoti tano: mikono inayotenda, uso wa anayetenda, picha pana inayoonyesha alipo, picha kutoka nyuma ya bega lake ili tuone anachokiona yeye, kisha pembe moja ambayo mpita njia asingeiona. Pale Igombe ilikuwa mikono ya mama ikitawanya dagaa kwa fagio la chelewa, macho yake yakitazama wingu upande wa ziwa, ufukwe mzima uliojaa dagaa kama zulia la fedha, wingu lenyewe juu ya bega lake, na mwisho kamera nimeilaza mchangani, dagaa karibu na lenzi na miguu yake ikipita nyuma. Shoti hizo tano zilinipa sekunde 20 safi za stori.

Kabla ya kuondoka, simama kimya, rekodi sekunde 30 za sauti ya mahali: maji, fagio, watoto, injini kwa mbali. Itakuja kuziba mapengo yote.

Hatua ya 5: Mahojiano, na hapa ndipo penye kazi

Niwaambie kilichonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilimhoji mzee aliyepotelewa na mwanawe ziwani. Alizungumza dakika 12, mara mbili alinyamaza na mimi nikanyamaza naye. Sikuvaa hedifoni, niliona aibu kuonekana nimeziba masikio mbele ya mtu mwenye msiba. Nilipofika ofisini nikakuta maiki ya kubana ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Kamera ilichukua sauti kwa maiki yake yenyewe, na ilichukua zaidi jenereta la jirani. Sikurudi kumwomba aseme tena. Ningewezaje? Maneno yake yalipotea, na hadi leo nikivaa hedifoni namkumbuka. Vaeni hedifoni. Mweleze tu: "Baba, navaa hizi nikusikie vizuri." Hakuna atakayechukia kusikilizwa.

Picha mbaya kidogo mtazamaji huivumilia, sauti mbaya anabadilisha chaneli.

Sasa utaratibu. Weka kamera kwenye stendi, usawa wa macho ya unayemhoji. Akiwa amekaa, na wewe kaa. Simama karibu kabisa na lenzi, upande mmoja, ili akikutazama wewe macho yake yabaki karibu na kamera. Mwambie akutazame wewe. Maiki ya kubana mpe mama aivae mwenyewe, apitishe waya ndani ya nguo. Usimshike. Na akiwa amejitanda kanga, ibanwe kwenye blauzi mahali ambapo kanga haiigusi, maana kila akigeuka utasikia mkwaruzo.

Swali la kwanza liwe hili: "Naomba utaje majina yako yote na shughuli yako." Hapo unapima sauti, unapata jina la kuandika kwenye skrini kama mwenyewe anavyolitaja, na naye anapata muda wa kuzoea. Kwenye kipimo cha kamera, sauti iwe kati ya desibeli -18 na -12, isifike sifuri. Tazama nukta nyekundu, uhakikishe kamera inarekodi. Uliza swali moja moja, fupi. Usiitikie "eeh, eeh", tikisa kichwa tu. Kama Kiswahili chake ni kizito na anajisikia huru kwa Kisukuma, mwache aseme Kisukuma. Utatafsiri kwa sauti yako, na tutaisikia yake mwanzoni na mwishoni. Maneno yaliyosemwa kwa lugha ya nyumbani huwa na uzito wake.

Malizia na: "Kuna jambo sikukuuliza ungependa kulisema?" Mama wa Igombe hapo ndipo aliponieleza kwamba dagaa wakilowa hawatupwi, wanauzwa kwa bei ya chini kwa wanaotengeneza chakula cha kuku. Stori yangu yote ilibadilika kwa swali hilo.

Ukimaliza, kabla hujafungua stendi, rudisha nyuma usikilize sekunde 10. Kisha nenda kwa afisa uvuvi ukiwa na swali la kweli mkononi: vichanja vya kuanikia vimefika kwa wangapi?

Hatua ya 6: Stendapu

Hiki ni kipande ambacho wewe ripota unaongea ukitazama kamera. Ifanye mwisho, ukishaijua stori. Iwe sekunde 12 hadi 15, na iwepo kwa sababu. Simama mahali penye kitu cha kuonyesha, kiinue, kitaje.

Hatua ya 7: Kuandika na kuhariri

Sikiliza mahojiano ukiwa njiani, andika dakika na sekunde za maneno mazito. Andika hati kwanza ndipo ufungue programu ya kuhariri. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mimi hukadiria maneno 2 kwa sekunde moja ya kusoma. Stori ya sekunde 90 yenye sekunde 40 za wahojiwa inakuachia 50, yaani maneno 100 tu. Hapo ndipo utajua ipi ni stori na ipi ni mapambo. Usiandike "kama unavyoona, dagaa wameanikwa." Tumeona. Tuambie tusichokiona: walinunuliwa kwa mkopo.

Sauti yako irekodi ndani ya gari lililozimwa, vioo juu, au ndani ya chumba chenye nguo na mapazia.

Hatua ya 8: Kutuma

Video ya sekunde 90 kwa megabiti 10 kwa sekunde ni kama megabaiti 112. Piga hesabu ya bando kabla. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama video ya kawaida, vinginevyo itabanwa hadi iharibike. Usifute kadi mpaka uwe na nakala mbili mahali tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Musoma): Shikamoo mwalimu. Kituo chetu kina kamera moja tu. Simu inatosha?

Marahaba. Inatosha kwa stori nyingi za kila siku, ukiilaza, ukiiwekea maiki ya nje na stendi ndogo. Weka fremu 25, funga mwanga na fokasi ili visibadilike katikati ya mahojiano, na iweke kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya maneno ya mtu, umempoteza. Mahali inaposhindwa ni kwa mbali na gizani. Usivute picha, sogea wewe.

Swali (Kahama): Mkuu, kwenye stendapu najipigaje picha? Kila mara natokea nimekatwa kichwa au nimefifia.

Pachika mwavuli au fimbo mchangani mahali utakaposimama, urefu sawa na wako. Elekeza fokasi hapo, ifunge, acha nafasi kidogo juu. Weka jiwe chini, bonyeza kurekodi, nenda ukanyage jiwe, ondoa mwavuli, hesabu mpaka tatu ndipo useme. Sema mara tatu. Kama kuna kijana jirani mwombe asimame badala ya mwavuli, lakini kamera asiishike.

Swali (Bukoba): Dada, baada ya semina wanatoa bahasha, wanaita nauli. Mshahara wenyewe unaujua. Unafanyaje?

Najua mshahara, na sitamhukumu mtu mwenye watoto nyumbani. Ila mimi siichukui. Ukiichukua, siku mwenye semina akiharibu jambo hutaweza kuliandika, naye anajua hivyo. Nasema: "Nashukuru sana, ofisi imenilipia usafiri." Kama ofisi haijalipia, huo ndio mgogoro wa kupeleka kwa mhariri wako, kwa maandishi, mkiwa wengi. Na kumbuka anayeanika dagaa Igombe hana bahasha ya kukupa.

Swali (Geita): Nikizuiwa na askari au mgambo, nikaambiwa nifute picha?

Kwanza kitambulisho kiwe shingoni tangu asubuhi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, kwa hiyo usimpe mtu sababu rahisi. Shusha kamera, ongea taratibu, muulize jina na amri imetoka kwa nani, kisha mpigie mhariri akusikie ukiwa palepale. Usigombanie kamera. Mahakamani usirekodi bila kibali, na droni usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hayo mawili hayana mjadala.

Swali (Sengerema): Mimi ni binti, natumwa peke yangu kwenye vurugu za mnadani. Naogopa kusema nisionekane dhaifu.

Sema, mdogo wangu. Ukiwa umeweka jicho kwenye kamera huoni nyuma yako, na hilo ni kwa mwanamume na mwanamke sawa. Mwambie mhariri unataka mtu wa pili kwa stori hiyo, hata kama ni dereva tu wa kukutazamia mgongo. Ukifika, tafuta kwanza pa kutokea, simama ukiwa na ukuta nyuma, acha stendi, piga kutoka juu au pembeni. Bodaboda awe unayemfahamu na asizime pikipiki. Mtumie mtu wa ofisini mahali ulipo kila baada ya nusu saa. Wakianza kukutazama wewe badala ya kilichokuleta, funga begi uondoke.