Atomu yenye inapita elektroni 8: tupate umbo lake na udongo na vijiti

Bandugu, hapa Lubumbashi makamyo ya asidi sulfuriki inapita kila siku kwenda kwa migodi ya shaba, na ile sulfuri yenye iko ndani mara mingi tunaichora na vifungo 6, ni kusema elektroni 12 (kifungo kimoja ni jozi ya elektroni 2). Lakini banafunzi bakisha kumeza "atomu inataka elektroni 8 za inje" banaogopa kuichora vile. Tuanze polepole.

Hatua ya 1. Angalia mustari ya atomu ya katikati kwa tablo ya elementi. Mustari wa 2 haupite 8. Kuanzia wa 3 inawezekana, ndio maana fosfori inakamata klori 5 na azoti inaishia 3, juu azoti ni kadogo sana, klori tano hazienei pembeni yake.

Hatua ya 2. Hesabu jozi. Tukamate SF4: sulfuri iko na elektroni 6 za inje, inatoa 4 kwa fluori ine, zinabakia 2, ile ni jozi huru moja. Vifungo 4 na jozi 1, jumla 5.

Hatua ya 3, hapa musikimbie. Jozi zote zinasukumana, kila moja inatafuta kuwa mbali na zingine: fanya kidonge cha udongo, chomeka vijiti tatu kiunoni (120° kati yao), kimoja juu, kimoja chini. Sasa jozi huru tunaiweka fasi gani? Bengi banaiweka juu. Hesabu na kidole: ikiwa juu iko na majirani tatu kwa 90°, ikiwa kiunoni iko na mbili tu, na jozi huru inasukuma nguvu kuliko kifungo, kwa hiyo kiunoni njo fasi yake. Ondoa kijiti kimoja cha kiunoni, lalisha ile kintu: unaona bembea ya ubao. Na ule musukumo unapimika, fluori ya juu na ya chini haziko tena 180° bali karibu 173°, zile mbili za kiunoni zinafinyana mpaka karibu 102°.

ClF3 (klori na fluori tatu) ni vilevile, jozi huru mbili kiunoni, inabakia herufi T. XeF4 (xenoni na fluori ine) iko na jozi 6 kwa jumla, mbili huru zinasimama moja juu moja chini, fluori zinabakia mraba wa kulala. 

Wakikufundisha orbitali d (aina moja ya fasi yenye elektroni zinakaa ndani ya atomu) njo zinabeba zile elektroni za kuzidi, ujue mahesabu ya sasa inaonyesha zinasaidia kidogo tu; katika PCl5 klori ya juu, fosfori na klori ya chini zinagawana elektroni 4 zote tatu, ndio maana vile vifungo ni virefu kuliko vya kiunoni.

Fanya peke yako I3⁻, usisahau elektroni ya ile minus: jozi huru tatu zote kiunoni, kwa hiyo iodi tatu zinajipanga mustari moja.