Nta ya nyuki kwenye nyayo za mbwa kabla ya kupanda mlima

Unapopanda mlima Loleza au milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, na mbwa wako mwanzoni mwa msimu wa baridi, mwezi Juni, mpake nta ya nyuki nyayoni kabla ya kuondoka. Yeyusha sehemu moja ya nta katika sehemu tatu za mafuta ya alizeti, ndani ya bakuli lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kisha acha mchanganyiko ugande. Chukua kiasi cha ncha ya kidole kwa kila mguu, usugue hadi katikati ya vidole, mahali ambapo manyoya hunasa tope, na futa kinachozidi kwa kitambaa, kwa sababu tabaka nene huokota mchanga. Nta hufukuza maji na kuizuia ngozi ya wayo isipasuke kwa baridi na ukavu, ndiyo maana hata katika nchi za theluji mbwa wanaowafuata watelezaji wa ski, yaani mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, hupakwa, ili mabonge ya barafu yasishike manyoya ya vidoleni. Punguza kwanza manyoya hayo kwa mkasi butu; kazi hii ni muhimu sawa na nta yenyewe. Nta haitamkinga mbwa na mawe makali wala visiki vya nyasi zilizoungua, na baada ya saa chache za kutembea kwenye changarawe huwa imeisha, hivyo beba kikopo upake tena. Mbwa mwenye jeraha wazi wayoni asipakwe. Abaki nyumbani mpaka apone.