Jinsi ya kuivalisha nguzo sweta

Kufuma sio kazi ya mabibi tu jamani, mwaka 2005 kule Houston, Marekani, Magda Sayeg alikifumia kava kitasa cha mlango wa duka lake, watu wakapenda, akahamia nguzo za barabarani na mtindo ukaenea nchi kibao. Ukitaka kujaribu omba ruhusa kwanza, halafu chukua futi kamba upime mzunguko wa nguzo na urefu unaotaka, ufume kipande cha mstatili ila upana upunguze kidogo, maana uzi unavutika na lazima kibane la sivyo kitateleza chini. Tumia uzi wa akriliki (ule wa kiwandani unaofanana na sufu), unavumilia mvua. Rangi weka kali kabisa, usiogope! Kizungushie, shona kingo kwa sindano nene. Kama umevalisha mti badala ya nguzo, kitoe kabla haujanenepa kikaubana kupita kiasi.