Kabla ya Kufunga Virago, Angalia Visiki Shambani

Mkulima hahami ghafla. Mavuno hupungua msimu hadi msimu, kisha kijana mmoja anaaga kwenda kutafuta kibarua, na mvua zikianza harudi. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa kufikia 2050 watu hadi milioni 216 wanaweza kuhama ndani ya nchi zao kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Mvua hulaumiwa haraka. Mimi huanza na udongo.

Baada ya mvua kubwa, chimba kidogo kwa kidole shambani. Juu utakuta ukoko mgumu, na sentimita chache chini yake udongo mkavu. Matone yamepiga ardhi iliyo uchi, chembe laini zimeziba vitundu, maji yametiririka na rutuba yako hadi korongoni. Ukame wa aina hii tunajitengenezea wenyewe.

Huko Burkina Faso, miaka ya ukame mkali iliyowahamisha wengi, mkulima Yacouba Sawadogo aliboresha zai, mashimo ya jadi ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua. Chimba wakati wa kiangazi: upana sentimita 20 hadi 40, kina 10 hadi 20, udongo uuweke upande wa chini wa mteremko. Tia konzi mbili za samadi iliyoiva. Mchwa watakuja, waache, vijia vyao ndivyo vinavyopitisha maji. Kazi ni nzito, sitakudanganya, kwa hiyo anza na robo ekari.

Njia ya kisiki hai, yaani kulea machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa, ni rahisi zaidi, na haihitaji kununua mche. Nchini Niger wakulima wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5 kwa njia hii. Tafuta kisiki kinachochipua, bakiza machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine kata kwa panga kali. Pogolea matawi ya chini hadi nusu ya urefu, na matawi hayo yatandaze juu ya udongo. Funga kitambaa chenye rangi ili mwenye plau akione.

Wafugaji wapitao hapo wahusishwe mapema, la sivyo mifugo itamaliza kila kitu. Na kama shamba ni la kukodi, omba mkataba wa miaka kadhaa kwanza: nani atalea mti atakaokatiwa kuni na mwingine msimu ujao? Aliyekwisha kuhama naye asisahaulike. Fedha anazotuma zinaweza kulipa vibarua wa kuchimba mashimo kabla mvua hazijaanza.