Somo: Seramu ya kolajeni usoni, kwa jua na jasho la Tanga

Kolajeni ni protini inayoikaza ngozi, lakini ya chupani haigeuki kuwa kolajeni ya uso wako. Molekuli yake nzima ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) kama 300,000, na ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida haipitishi kirahisi kitu kinachozidi 500. Hata iliyokatwakatwa, ambayo lebo huiita "hydrolyzed collagen", mara nyingi ni daltoni elfu kadhaa. Inakaa juu, inashika maji, uso unaonekana umejaa kwa saa chache. Si bure, ila hiyo ni kazi ya losheni nzuri, basi usiinunue kwa bei ya dhahabu.

Peptidi za kutoa ishara ni habari nyingine: vipande vifupi vya protini vinavyochochea ngozi itengeneze kolajeni yake yenyewe. Tafuta "palmitoyl pentapeptide-4" au "copper tripeptide-1". Ya kwanza ilijaribiwa kwa wanawake 93 wa Kizungu kwa wiki 12, matokeo yakachapishwa 2005. Makunyanzi yalipungua, lakini kidogo, na watafiti walikuwa wa kampuni ya vipodozi.

Hatua

1. Paka tone moja ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Mwenye mzio wa samaki aulize kwanza, maana kolajeni nyingine hutoka kwenye ngozi na magamba yake.

2. Nawa kwa sabuni laini. Kandamiza taulo, acha uso na unyevu.

3. Matone 3 au 4 yanatosha uso na shingo. Subiri dakika mbili.

4. Paka losheni nyepesi juu yake. Kwa joto la Ngamiani utatamani kuiruka hatua hii. Anayeshinda kwenye kiyoyozi asithubutu, hewa ile kavu humnyang'anya maji yote.

5. Asubuhi malizia na kinga ya jua, SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 kwenda juu: mistari miwili iliyojaa, mmoja kwenye kidole cha shahada na mmoja kwenye cha kati. Rudia kila saa mbili ukiwa nje, na mara utokapo kuogelea Raskazone. Mionzi ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na mingine hupenya kioo cha daladala. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki, seramu isubiri.

Ukiona vinyuzi vyeupe vinajikunja chini ya vidole kama takataka za kifutio, umepaka nyingi mno au hukungoja ikauke. Punguza tone moja, na usisugue. Chupa isikae dirishani wala ndani ya gari.

Maswali

Dada, kila Ijumaa najisugua singo. Seramu nipake hapo hapo?
Hapana, shoga. Singo huacha ngozi imechubuka kidogo, seramu itawasha. Ingoje kesho yake. Liwa haina tatizo, ila ioshe kwanza.

Ukhti, ni halali?
Kolajeni hutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Lebo ikinyamaza, iache dukani. Zile peptidi mbili kwa kawaida hutengenezwa maabara.

Naweza kuchanganya na vitamini C?
Ile yenye shaba (copper tripeptide-1), tenganisha: vitamini C asubuhi, peptidi usiku. Shaba huiharibu vitamini C.

Nimeuziwa krimu ya kolajeni, wiki moja tu nimekuwa mweupe na ngozi inang'aa. Niendelee?
Kolajeni wala peptidi haimng'arishi mtu, tena kwa wiki moja! Hapo shuku haidrokwinoni, zebaki au steroidi, ambazo haziruhusiwi kwenye vipodozi nchini. Steroidi hukondesha ngozi, yaani inakula kile kile ulichotaka kukijenga, na zebaki huumiza figo. Ukikatisha steroidi ghafla uso unaweza kuwaka na kutoka vipele, kwa hiyo nenda hospitali ya Bombo ukaonane na daktari wiki hii, na kikopo ukibebe, hata kama kimebaki kitupu.