Namna ya kuona kimeng'enya kinavyoituliza radikali, kwenye laptopi yako

Juzi jioni, nyumbani Makulu hapa Dodoma, binti wa jirani anayesoma baiolojia mwaka wa pili aliniuliza: "Kaka, kama radikali hunyakua elektroni ya chochote inachokigusa, kimeng'enya kinachoibeba chenyewe kinaponaje?" Radikali ni molekuli, au sehemu yake, yenye elektroni moja isiyo na mwenza. Nikamwambia tufungue laptopi tupime.

Hatua ya 1. Sakinisha ChimeraX, programu ya kutazamia molekuli. Wanafunzi hawailipii. Siwashauri tovuti za kutazamia molekuli: mtandao ukikatika, kazi imelala.

Hatua ya 2. Andika `open 1mxr`. Hiyo ni ile ndogo kati ya sehemu mbili za ribonukleotidi reduktesi ya bakteria E. coli, kimeng'enya kinachoandaa malighafi ya DNA. Nenda tairosini namba 122 (tairosini ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na namba ni nafasi yake kwenye mnyororo), makao ya radikali. Onyesha majirani zake: fenilalanini 208, fenilalanini 212, isolusini 234. Zote zinakimbia maji. Ikifichwa humo, radikali hudumu siku kadhaa kwenye baridi.

Hatua ya 3. Hapa nenda taratibu. Kazi yenyewe hufanyika kwenye sisteini 439, katika sehemu kubwa ya kimeng'enya. Njia ya radikali ni 122 na 356 katika sehemu ndogo, halafu 731, 730, kisha 439 katika sehemu kubwa. Mara ya kwanza nilipoitafuta 356 sikupata kitu. Nikapakua faili upya, nikabadilisha amri, nikasakinisha programu tena, hadi saa saba usiku. Kumbe mkia wa mnyororo wa sehemu ndogo, iliko 356, unachezacheza, hivyo kwenye fuwele iliyotoa muundo huu hauonekani. Ramani inakomea karibu na 340. Usikisie umbali wake.

Funga faili hilo, andika `open 6w4x`. Huu ni muundo wa mwaka 2020, uliopatikana kwa hadubini ya elektroni, sehemu zote mbili zikiwa zimeshikana. Tahadhari: watafiti waliweka florini tatu kwenye tairosini 122 ili kimeng'enya kinase katikati ya kazi. Ukitafuta kwa jina la tairosini utaikosa. Tafuta kwa namba. Tena, kila sehemu ina nakala mbili. Chagua mnyororo ambao 356 inaonekana, na uutumie pamoja na mnyororo mkubwa ulioshikana na mkia huo. Ukichanganya, namba utakayopata haina maana.

Hatua ya 4. Pima 122 hadi 439. Ni zaidi ya angstromu 30 (angstromu moja ni sehemu moja ya kumi ya nanomita). Elektroni haiwezi kuruka umbali huo kwa mara moja na kazi ikaenda kwa kasi yake, kwa hiyo inapokezanwa, na protoni nazo zikihama. Safari huanza malighafi ikishakaa mahali pake. Kazi ikiisha, radikali hurudi 122.

Nikamwambia pia kwamba haidroksiurea, dawa ya wenye selimundu, huzima radikali ya tairosini katika kimeng'enya cha aina hii hii kilichomo mwilini mwa binadamu. Akanyamaza kidogo. Mdogo wake anaimeza kila siku. Akavuta laptopi upande wake, akapima tena mwenyewe.