Kidonda cha jua kitageuka saratani? Kata kipande vizuri ndipo uamini vipimo

Ukipitisha kidole kwenye paji la uso la mtu mwenye ualbino aliyekulia juani, mara nyingi utavihisi kabla hujaviona: vidonda vya jua, yaani vigaga vikavu vinavyokwaruza kama msasa. Vingi havigeuki saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watu waliokwisha kuugua saratani za ngozi, na asilimia 0.6 ya vigaga hivyo viligeuka saratani ya seli bapa ndani ya mwaka mmoja, asilimia 2.57 ndani ya miaka minne. Hao walikuwa wazee wastaafu wa jeshi. Usizitumie takwimu hizo kumtuliza mkulima mwenye ualbino, ambaye hatari humfika akiwa bado kijana.

Anza kwa vidole. Bana kigaga pande zote mbili na ukiinue. Kitako kikiwa kigumu, au kigaga kimezidi sentimita 1, kimekua upesi, kinatoka damu, kimewiva wekundu au kimechimbika, kata kipande uchunguze. Maumivu nayo yasipuuzwe. Kwenye mdomo wa chini na sikio, usisubiri dalili zikamilike.

Kosa linaloharibu majibu mengi hutokea hapa: mtu anakwangua gaga la juu tu na kulipeleka maabara. Saratani hupenyea chini, kwa hiyo kipande kisichofika ngozi ya ndani hakiwezi kuonyesha kama imepenya. Choma ganzi ya lignokaini, kisha tumia kisu cha duara cha milimita 4 kwenye sehemu nene zaidi, si katikati ya kidonda kilichooza. Tumbukiza kipande papo hapo kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali inayodhibiti asidi), ujazo wake usipungue mara 10 ya kipande. Kikichelewa, Ki-67 (protini inayopimwa ili kuona seli zinazogawanyika) itafifia. Kikikaa humo siku nyingi mno, kingamwili za kipimo, zinazoshika protini na kuipa rangi ya kahawia, hazitashika vizuri. Fomalini isiyo na bafa huacha chembe za kahawia zinazofanana na rangi ya kipimo chenyewe.

Maabara ikate tabaka za mikroni 3 hadi 4 na kuziweka kwenye slaidi (vioo vya hadubini) zenye chaji ya umeme, la sivyo zitang'oka zikipashwa moto kwenye bafa ya sitreti. Kila awamu ya upimaji iwe na slaidi ya kulinganishia ambayo majibu yake yanajulikana.

Ki-67 huonyesha seli zinazogawanyika. Kwenye ngozi yenye afya viini vilivyoshika rangi hukaa karibu na tabaka la chini. Vikionekana vimepanda juu, ukuaji umevurugika. (Kwa mtu mweusi asiye na ualbino, melanini ya tabaka hilo nayo ni kahawia na humdanganya msomaji.) p53, protini inayozuia seli kugawanyika ovyo, inahitaji tahadhari zaidi. Miale ya jua huiharibu jeni yake mapema, hata kwenye ngozi inayoonekana salama, kwa hiyo p53 chanya peke yake haithibitishi saratani. Na isiposhika kabisa, usiandike "hasi" ukaendelea: baadhi ya mabadiliko ya jeni huiondoa protini yote. Tazama seli za kawaida zilizo jirani. Zikishika rangi kidogo nazo za kidonda zisishike hata moja, hilo ni jibu lisilo la kawaida.

Hakuna kiashiria kimoja kinachotabiri kwa uhakika. Mtaalamu aangalie pia seli za chini zinavyochipukia ngozi ya ndani, kwa sababu kigaga chembamba kinaweza kupenya bila kupitia hatua ya unene.

Vigaga usivyovikata, vipige picha pamoja na rula na uchore mahali pake kwenye kadi ya mgonjwa. Kigaga kilichotibiwa kwa kugandishwa kwa naitrojeni kikirudi palepale, usikigandishe tena kabla ya kukata kipande.